Klabu Moja kwa Mkoa Mzima

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kutoka juu ya Landrova ya serikali, kuanzia stesheni ya Kigoma mpaka sokoni Ujiji, kwamba Mkoa ulikuwa umeingia katika zama mpya za mapumziko.

"Ndugu wananchi! Kwa kuwa Azimio linawakataza viongozi starehe za kibepari. Na kwa kuwa klabu za faragha ni starehe za kibepari. Na kwa kuwa adui hakomeshwi mpaka achunguzwe kwa karibu: imeundwa Kamati ya Kulinganisha Klabu za Faragha. Kamati itazikagua klabu zote, itateua moja, na viongozi wote watajiunga nayo ili kuzikomesha nyingine. Zitakazoshindwa zitafungwa, na mali yake itakuwa ya umma. Shime!"

Pale sokoni, mchuuzi mmoja wa dagaa aitwaye Mapendo, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajaketi, aliinua mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, na sisi tutapumzika lini?"

Aliyeshika kipaza sauti alifikiri kidogo. "Swali hilo ni zuri," alisema, "lakini liko nje ya hadidu za rejea." Landrova ikaondoka.

Mwenye kipaza sauti, na mwenye Kamati, na mwenye fikra nzima, alikuwa Ndugu Leonardi Ruhaga, Afisa Mapumziko wa Mkoa. Watu wenye kijicho walisema cheo hicho hakina kazi. Si kweli. Kabla yake watu wa Kigoma walikuwa wakipumzika ovyo ovyo, kila mtu kwa wakati wake, wengine hata bila viatu. Ruhaga ndiye aliyeleta utaratibu.

Alizaliwa Simbo, akasoma kwa mapadri, na wakati wa Mwingereza alikuwa tarishi wa kupeleka simu za maandishi kwenye Klabu ya Mlimani. Aliingia kwa mlango wa jikoni. Hakuwahi kuvuka jiko, lakini mlango wa pili ulipokuwa wazi aliweza kuiona baraza, na pale barazani kiti kirefu cha henzirani, chenye mikono mipana ya kuwekea miguu, kimeelekezwa ziwani mpaka kwenye milima ya Kongo ng'ambo. Bwana Mkubwa alikuwa amelala humo kila jioni, miguu juu, anapokea chai bila kugeuza shingo na bila kusema asante.

Uhuru ulipokuja, wenzake walitaka shule, barabara na dawa. Ruhaga naye alivitaka vyote hivyo, kwa dhati kabisa, pamoja na kile kiti. Alikitaka hadi kifua kilimuuma. Alikuwa amepata ofisi, amepata suti ya kaunda, amepata Landrova yenye kipaza sauti, na bado kila akitazama juu kilimani alijiona ni yule yule tarishi wa mlango wa nyuma.

"Baba Eufrasia," mkewe Honorata alimwambia walipokuwa wakila ugali wa muhogo na migebuka, "pale mlimani hakuna mtu ila mlinzi. Mlango umefungwa kwa kamba ya mgomba. Si uende tu ukakae, moyo utulie?"

Ruhaga aliweka tonge chini. "Honorata, kiongozi hajikalii. Kiongozi hukalishwa."

"Na nani?"

"Na Kamati."

Basi Kamati ikakutana. Ilikuwa na Mwenyekiti, ambaye ni Ruhaga, na Katibu, ambaye ni Ndugu Pastory, kijana mwembamba mwenye kalamu nyingi mfukoni, ambaye hajawahi kumpinga mkubwa hata kwa kikohozi. Mwenyekiti alisema kazi ni nyepesi: walinganishe, waiteue Klabu ya Mlimani, wafunge nyingine, waende wakakae.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Pastory, "klabu ziko mbili tu. Ya Mlimani na ya Relini. Na mwongozo unasema mlinganisho halali ni wa vitu vitatu. Vikiwa viwili ni ubishi."

"Tuongeze ya tatu."

"Ipi?"

"Yoyote itakayoshindwa bila kutusumbua."

Pastory alikuna kichwa kwa kalamu. Kule Ujiji, mtaa wa Kasingirima, alisema, kuna chama cha ngoma kiitwacho Nyota ya Ziwa. Chama cha wale ambao babu zao walivuka kutoka ng'ambo. Kinaongozwa na muuza mawese, Bi Mwanaima. Wana tarumbeta moja na ua wa makuti. Ruhaga alicheka mpaka akapangusa macho, kisha akakiingiza kwenye mlinganisho kwa mkono wake mwenyewe.

Vikabaki vigezo. Ruhaga hakutaka vigezo vya kubahatisha. Alikumbuka ubao uliokuwa ukutani kwenye jiko la Klabu ya Mlimani, ambao alikuwa akiusoma kila siku akisubiri kutiwa sahihi: klabu ya heshima lazima iwe na rais, na viongozi wenye vyeo, na sare, na vikombe vya namna moja, na utaratibu mkali wa kuingiza wanachama. Aliviandika vyote kama vilivyokuwa. Kwa vigezo vilivyotoka mlimani, alijua mlima hauwezi kushindwa.

Wakaanza na mlima wenyewe. Kwenye uwanja wa tenisi walikuta mbuzi, na mbuzi mmoja alikuwa amelala juu ya wavu kwa namna iliyoonyesha kwamba ni mwanachama wa siku nyingi. Mlinzi, Mzee Kasongo, alisimama akawasalimia vizuri.

"Shikamoo, Mzee," alisema Ruhaga. "Rais wa klabu yuko wapi?"

"Marahaba. Alikwenda kwao Uingereza."

"Atarudi lini?"

"Hakusema. Ila alichukua na kitanda."

"Wanachama?"

"Amebaki Mgiriki mmoja, mzee sana. Yuko ndani, amelala. Nimwamshe?"

"Usimwamshe. Vikombe?"

Mzee Kasongo akaleta kikombe. Kilikuwa na picha ya malkia, hakikuwa na mkono.

Lakini kiti kilikuwepo. Kilikuwa barazani vile vile, kimeelekea ziwa, kimepauka kidogo. Ruhaga alikiendea taratibu kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Alikigusa mkono.

"Andika," alimwambia Pastory kwa sauti nzito. "Kiti: bora kabisa."

"Ndugu Mwenyekiti, kiti si kigezo."

"Andika hivyo hivyo, pembeni."

Klabu ya Relini ilikuwa na uhai zaidi. Palikuwa na meza ya mpira, redio, na watu wacheshi. Tatizo ni kwamba walikuwa watu wa reli. Rais wao alikuwa amehamishiwa Tabora, mweka hazina alikuwa Dodoma, na makamu alikuwa ndani ya behewa mahali fulani kati ya hapo. Mkutano mkuu wa mwisho uliotimia ulifanyika kwenye jukwaa la stesheni treni mbili zilipopishana, ukavunjika filimbi ilipopigwa.

Halafu wakaenda Kasingirima. Ruhaga alikuwa ameshapanga kutumia pale muda wa kuvuta sigara moja.

Langoni mwa ua walisimamishwa na mwanamume mrefu aliyevaa nguo nyeupe pe, zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Alikuwa Amuri, mchukuzi wa mizigo bandarini, lakini mahali hapo alikuwa Gavana. Alipiga saluti iliyomfanya Pastory adondoshe kalamu.

"Viatu hapa, ndugu zangu. Kwini anawasubiri."

Kwini, yaani malkia wa chama, alikuwa ni Bi Mwanaima mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, mama wa makamo, mnene, mtulivu, mwenye macho ya kuona mbali. Kushoto kwake alikaa Jaji, kulia Daktari, ambaye dawa yake kuu ilikuwa maji ya moto na maneno ya upole. Kwenye mkeka vikombe vilipangwa safu kwa safu, vyote vya namna moja, vyeupe vyenye mstari wa buluu. Na Mapendo, yule mchuuzi wa dagaa, alikuwa amesimama nyuma akiwa na mkufu wa shaba: kumbe alikuwa Waziri wa Sukari.

"Karibuni," alisema Bi Mwanaima. "Mmekuja kutufunga?"

"Tumekuja kulinganisha, Mama."

"Na mkishatulinganisha mkatufunga, ngoma yetu na hivi vyombo mtavipeleka wapi?"

"Kwa umma."

"Umma ndio nani, baba?"

"Ndio ninyi."

"Basi viacheni hapa hapa."

Ruhaga alisema mambo ya utawala si mepesi hivyo. Bi Mwanaima aliitikia kwa kichwa. Halafu, bila kupandisha sauti, alisema jambo moja. Alisema vikombe hivyo havikununuliwa kwa maringo. Mtu akifa hapa mjini asiye na ndugu, Nyota ya Ziwa humwosha, humzika, na hupika kwa ajili ya matanga yake ili asiondoke kama mbwa. Mkichukua masufuria, alisema, mnijulishe mapema niwaambie wagonjwa.

Hata Ruhaga aliona haya, akayafukuza kwa kuuliza utaratibu wa kuingiza wanachama.

"Cheo cha nje kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu," alisema Bi Mwanaima. "Anayeingia wa mwisho ndiye anayeosha masufuria na kuchemsha chai. Haketi barazani, hasemi barazani, mpaka aje mwingine nyuma yake ampokee. Mimi mwenyewe nimeosha. Gavana huyu ameosha hadi kucha zikamtoka."

"Safi sana!" Ruhaga alisema. "Hiyo ndiyo nidhamu inayokosekana nchini. Pastory, andika alama zote."

Pastory aliandika. Na usiku huo hakupata usingizi, kwa sababu alijumlisha.

Asubuhi alimkuta Mwenyekiti ofisini ameshavaa tai. Akamweleza kwa sauti ya msiba kwamba Klabu ya Mlimani imepata alama za kiti, ambacho si kigezo. Ya Relini imepata za meza ya mpira. Na Nyota ya Ziwa imepata zilizobaki.

"Zilizobaki ndiyo zipi?"

"Zote."

"Yebaba we!" alisema Ruhaga, ambaye Kiha kilikuwa kimemtoka tangu apate Landrova na sasa kikamrudia chote mara moja. "Rudia kujumlisha."

"Nimejumlisha mpaka kwa punje za maharage."

Mtu mdogo angekata tamaa. Ruhaga alisimama dirishani, akatazama juu kilimani, akafikiri kiutawala. Kisha akageuka uso ukimeta.

"Pastory, tumeteua klabu. Je, tumeteua jengo?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti."

"Klabu ya Mlimani imeshindwa. Mali yake sasa ni ya umma. Umma ni nani? Ni Nyota ya Ziwa, tumeambiwa mbele ya mashahidi. Basi Nyota ya Ziwa inahamia mlimani, viongozi wote tunajiunga nayo, na sisi tunakwenda wapi?"

"Mlimani."

"Kukaa!" alisema Ruhaga, akapiga meza.

Alibakiwa na hofu moja tu. Milango ikishafunguliwa, kila mchuuzi wa mkoa angetaka kuja kuegemea nguzo za baraza. Kwa hiyo akaandaa Waraka, akausoma mwenyewe kwa kipaza sauti hadi Ujiji: siku ya uzinduzi, mara tu mgeni rasmi akishapokelewa, uanachama utafungwa, wala hautafunguliwa tena na mtu yeyote mwenye cheo chochote.

Bi Mwanaima alimfuata kwenye Landrova, debe la mawese kichwani.

"Milele, baba?"

"Milele, Mama. Bila hivyo si klabu ya faragha."

"Na mgeni rasmi ni nani?"

"Ni mimi."

"Huwa anaingia wakati gani, mgeni rasmi? Sisi wa ngoma hatujui sana mambo ya serikali."

Ruhaga alimwonea huruma. "Mgeni rasmi huingia wa mwisho, Mama. Watu wote wakishaketi. Hilo hata mtoto wa shule analijua."

Bi Mwanaima alilitengeneza debe kichwani. "Sina swali jingine," alisema.

Siku ya uzinduzi ilifika na jua zuri. Viongozi walipanda mlima wakiwa wamependeza: wa Elimu, wa Maji, wa Misitu, wa Bandari. Mmoja mmoja walivua viatu, wakaapishwa na Jaji, wakavishwa utepe wa buluu. Wa kwanza kuingia aliosha sufuria, akaja wa pili akampokea, akaja wa tatu, na hivyo hivyo. Kila mmoja aliosha kidogo tu kwa furaha, kwa kuwa mwenzake alikuwa tayari mlangoni. Pastory naye alipita, akatoka na povu kwenye vidole na cheo cha Karani wa Vijiko.

Wakati huo Ruhaga alikuwa kwenye Landrova nyuma ya ghala la stesheni, suti imenyooka, anasubiri watimie. Dereva alirudi na habari kwamba wote wameingia isipokuwa Afisa Mifugo, ambaye baiskeli yake imepata pancha.

"Nimtangulie?" aliuliza Ruhaga kwa hasira. "Mgeni rasmi amtangulie bwana ng'ombe? Zungusha gari!"

Wakazunguka mji mzima. Walipomwona Afisa Mifugo akisukuma baiskeli kupanda mlima kwa jasho, Ruhaga aliamuru gari lisimame, akajificha chini ya dashibodi mpaka mtu yule alipoingia ndani na kuapishwa. Hapo ndipo alipopanda.

Tarumbeta ikalia. Watu wote wakasimama. Ruhaga aliingia kwa mlango wa mbele, ule aliokuwa akiuota, polepole, akipunga mkono. Alivua viatu. Alikula kiapo kwa sauti ya kusikika Kongo. Alivishwa utepe. Gavana Amuri akatangaza kwamba uanachama umefungwa, milele, kwa Waraka wa serikali. Makofi yakapigwa, na Ruhaga alipiga kuliko wote. Kisha akageuka barazani kwenda kwenye kiti chake.

Bi Mwanaima alikuwa amekikalia. Miguu ilikuwa juu ya ile mikono mipana, kanga imetandazwa vizuri, macho yanatazama ziwa.

Afisa Mifugo akaja na sufuria kubwa ya pilau, imeungua chini kabisa, akamkabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Karibu sana, Ndugu Ruhaga. Nimekungojea kwa hamu."

"Mimi ni mgeni rasmi!"

"Ulikuwa," alisema Pastory kwa upole. "Umeshaingia."

Ruhaga aliangalia mlangoni. Hakuna aliyekuwa nyuma yake. Alitazama tena, kwa muda mrefu, kama wachukuzi wanavyotazama treni iliyochelewa. Palikuwa na mbuzi tu.

Alivuta pumzi ya kujiuzulu. Alikuwa ameshafungua mdomo, sufuria mikononi, mikono ya suti imeshapandishwa isipate masizi, pale Mheshimiwa Mkaguzi wa Maadili ya Viongozi kutoka Dar es Salaam alipotokea kwenye baraza pamoja na mpiga picha. Alikuwa amekuja kimyakimya kushika makabaila. Alisimama. Akamtazama Afisa Mapumziko wa Mkoa mzima, pekupeku, amekumbatia sufuria iliyoungua, na mbele yake muuza mawese amekaa kwenye kiti cha Bwana Mkubwa. Machozi yakamlengalenga.

"Piga picha," alimwambia mpiga picha. Kisha akawageukia watu. "Ndugu zangu, nimezunguka mikoa mingi. Nimeona viongozi wakishika jembe mbele ya kamera na kuliacha. Huyu ameshika sufuria kabla sijafika! Kuanzia leo ndugu huyu ni mfano wa Taifa. Asihamishwe, asipandishwe, asiondolewe kwenye kazi hii mpaka nchi nzima iwe imejifunza kwake."

Makofi yalitikisa bati. Ruhaga alitabasamu kwa sababu kamera ilikuwa imemwelekea. Halafu wazo likamjia.

"Mheshimiwa!" alisema. "Jiunge nasi! Jiunge sasa hivi!"

Mkaguzi aliguswa. "Kwa nini nisijiunge?" alisema, akainama, akaanza kulegeza kamba za kiatu. Alivua kimoja. Ruhaga alimsogezea sufuria karibu, hata pumzi alizizuia.

Bi Mwanaima aligeuza shingo. "Kwa masikitiko, Mheshimiwa," alisema. "Uanachama umefungwa. Kwa mtu yeyote mwenye cheo chochote. Ni Waraka wa Ndugu Ruhaga mwenyewe, ulisomwa mpaka sokoni."

Mkaguzi alibaki na mguu mmoja juu. Akamtazama Ruhaga kwa heshima mpya kabisa.

"Hata mimi hukunipendelea," alisema, sauti ikitetemeka. "Hii ndiyo nchi tunayoitaka." Akavaa kiatu chake, akashuka mlima akiwa amefurahi mno.

Siku zilizofuata Ruhaga hakukaa mikono mitupu. Aliomba uanachama ufunguliwe. Alijibiwa kwamba hoja kama hiyo huletwa barazani, na barazani yeye hasemi. Alimwomba Pastory amsemee. Pastory alisema anamheshimu sana, na kwamba kikombe cha tatu kutoka kushoto bado kina alama ya chai. Nyumbani, Honorata aliikata ile picha kwenye gazeti akaibandika ukutani juu ya meza, kwa fahari ya kweli, akamuuliza mbona kule anaosha vizuri na hapa hajawahi hata sahani.

Masufuria hayakufungiwa mlimani. Mzee Kasongo alipokufa, naye hakuwa na ndugu mjini, yalishushwa yote kutoka mlimani kwa Landrova ya serikali, na alizikwa kama mtu mwenye ukoo mkubwa. Wanasema masufuria ya siku hiyo yalioshwa vizuri kuliko ya siku zote, na kwamba mwoshaji alilia kidogo, labda kwa moshi.

Siku zote nyingine, jioni, Ruhaga huingia kwa mlango wa jikoni. Mlango wa pili ukiwa wazi huiona baraza, na kiti, na milima ya Kongo ng'ambo. Hubeba sinia, hulipitisha. Bi Mwanaima hupokea chai bila kugeuza shingo, ila yeye husema, "Asante, baba," na hiyo ndiyo tofauti iliyoletwa na Uhuru.

Jioni moja Mapendo, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka pembeni, dagaa zake zimekwisha, miguu imenyooshwa mbele, alichukua kikombe akakinusa mvuke kwa raha.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "na wewe utapumzika lini?"

Ruhaga aliangalia huku na huku kama kuna mtu wa kumsikia akisema barazani. Akanong'ona kwamba swali hilo ni zuri, lakini liko nje ya hadidu za rejea, akarudi jikoni kuchochea moto.